Ua Haufagiwi Kabla Hajafika

Mama mkwe wangu hakujua kilomita. Ukimuuliza Kampala ni mbali kiasi gani, alikuwa anavuta khanga juu kidogo na kukuonyesha kifundo cha mguu. Bukoba alikuonyesha ukucha wa kidole gumba. Wageni walikuwa wanamcheka, wanadhani bibi amechanganyikiwa, lakini sisi wa nyumbani tulimwelewa. Alikuwa anapima majani. Mtu akitoka hapa Nyakakika kwenda Bukoba, majani yanayodondoka uani kabla hujajua amefika yanafunika ukucha tu. Akienda Kampala, yanafika kwenye kifundo.

Maana kwetu, au niseme kwa wazee walionilea na wale wa nyumba nilikoolewa, msafiri akishatoka, ua haufagiwi mpaka afike. Nyayo zake bado ziko pale mavumbini, na yeye bado yuko juu ya hizo nyayo. Ukizifagia, unamwacha njiani hana pa kukanyaga. Ndivyo nilivyoambiwa, na sikuuliza zaidi. Shule yenyewe niliacha darasa la pili, kusoma na kuandika nikaja kumalizia kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa tayari na mimba, kwa hiyo kuuliza maswali si kitu nilichofundishwa mapema.

Mwinjilisti wetu aliwahi kulihubiri jambo hili. Akasema ni ujinga wa mizimu, Mkristo afagie ua wake kila asubuhi kwa jina la Bwana. Tukaitikia amina. Halafu mwinjilisti akasafiri kwenda Dodoma kwenye mkutano, na mimi nikapita kwake kumsalimu mkewe. Nikakuta kuku wanaparua takataka mlangoni, na mke wa mwinjilisti amekaa kizingitini anachambua maharage, ananitazama jicho kwa jicho kama mtu anayesema thubutu.

"Ua leo mchafu, mama mwinjilisti," nikamwambia.

"Ufagio umevunjika," akasema.

Ufagio ulikuwa nyuma ya chungu cha maji, nimeuona kwa macho yangu, mzima. Akanipa kahawa ya kutafuna, ile tunayoichemsha na majani yake na kuikausha, tukatafuna tukaongea habari ya mvua.

Sasa nimeanza mbali, lakini hakuna njia ya kufika kwa binti yangu bila kupitia hapo.

Nilizaa watoto wengi, wakabaki wachache, na huyu alikuwa wa mwisho. Baba yake alifariki akiwa bado anatambaa. Aliyenisaidia kumlea ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kumshinda. Alijengewa kijumba upande wa juu wa kibanja chetu cha migomba, milango yetu ikatazamana, ua mmoja katikati, na mparachichi mkubwa unaotuletea matunda na takataka. Shangazi kwetu ndiye anayemfunda binti. Mama anazaa, shangazi anasema naye. Yule mtoto akikosa nilimchapa mimi, na akienda kulia alilia kwenye mapaja ya shangazi yake. Wakati mwingine nilikuwa naona wivu. Hilo liacheni.

Kufagia alifundishwa na shangazi pia, na hilo ndilo lililomshinda shangazi mtu. Sote tunafagia kutoka mlangoni kwenda barabarani, tunasukuma takataka nje. Yule mtoto alikuwa anaanzia barabarani, anakuja nazo mpaka mlangoni, anazizoa hapo kizingitini na kuzipeleka migombani.

"We mtoto," shangazi yake alikuwa anampigia kelele, "unaturudishia uchafu ndani kama sisi ni jalala?"

"Nakuja nyumbani, shangazi. Kwa nini nifagie nikiondoka?"

Alichapwa kwa hilo, akacheka, akaendelea. Hata alipoolewa Mwanza na kijana wa Kisukuma, kila alipokuja kututembelea, asubuhi ya kwanza nilikuwa naamka na sauti ya ufagio ikitoka barabarani kuja kwangu. Binti aliyeolewa akifika kwa mama yake, anashika ufagio. Ndiyo salamu yake kwa nyumba. Nilikuwa nalala kidogo zaidi kwa makusudi, nisikie tu. Fyaa, fyaa, inakaribia. Mpaka ikigonga mlango, nami nasema, "Karibu, mwanangu," kama vile ndiyo kwanza afike.

Safari ya mwisho alikuja akiwa mwembamba. Alimwacha mtoto wake mdogo wa kike na baba yake huko Mwanza, akasema amekuja kupumzika na kula ndizi za kwao. Akafagia siku ya kwanza. Siku ya pili akafagia nusu akakaa chini. Baada ya hapo alilala, tumbo likawa linavimba na yeye anakonda, tukampeleka Nyakahanga hospitalini. Walimtunza vizuri, siwezi kusema neno, lakini daktari alituita nje akatuambia ugonjwa huu unahitaji hospitali kubwa, Mwanza, na barabara hataiweza.

Mkwe wangu akaja kumchukua. Ni kijana wa heshima, akiongea nami anaangalia pembeni kama inavyompasa mkwe. Akasema atampeleka kwa ndege. Ndege tulikuwa tunaziona juu tu, zinavuka kwenda Rwanda au zinatoka huko, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiingia.

"Ni mbali?" wifi yangu akamuuliza.

Mkwe akatoa simu, akaandika andika, akasoma. Akasema kutoka uwanja wa ndege wa Bukoba mpaka uwanja wa Mwanza, ukipita juu ya ziwa, hazifiki kilomita mia mbili. Muda wa kuruka, dakika arobaini na tano hivi.

"Dakika ni nini kwa maharage?" wifi akauliza, maana yeye muda aliupima kwa chungu jikoni.

Binti yangu alikuwa amelala kwenye mkeka pale pale. Akacheka, akashika tumbo kwa maumivu ya kucheka. "Hata hayajalainika, shangazi. Utayainjika nikipanda, nitakuwa nimeshuka Mwanza na wewe bado unapuliza moto."

Wifi yangu alibaki anatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nawaza majani. Kwa muda huo mparachichi utadondosha nini? Huenda jani moja, huenda hata hilo lisianguke. Mama mkwe wangu angeonyesha nini mguuni mwake? Hapana kitu cha kuonyesha. Niliona baridi, sijui kwa nini. Safari isiyodondosha jani niliona kama si safari ya mtu.

Tuliondoka alfajiri, gari la kukodi kutoka Omurushaka. Mimi niliingia kumsindikiza mpaka Bukoba, wifi akabaki kwa sababu akina mama wa jumuiya walikuwa waje nyumbani kumwombea mgonjwa, na lazima awepo mtu wa kuwapokea. Binti yangu alisimama kidogo pale mwisho wa ua, ameegemea bega la mume wake, amevaa ndala za bluu. Akageuka.

"Shangazi, usifagie, nisije nikateleza angani."

"Nenda huko na maneno yako," wifi akamjibu. "Mtu wa kufagia kinyume unanifundisha mimi ufagio?"

Walicheka wote wawili. Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho, na kama ni maneno ya mwisho si mabaya.

Bukoba tulifika mapema. Uwanja uko pale pale ziwani, upepo unanuka samaki na maji. Mimi sikuruhusiwa kuingia ndani, nikakaa nje na wasindikizaji wengine. Mkwe alipoanza kumwingiza mgonjwa, alimpigia wifi simu, akamwambia, "Shangazi, tunapanda sasa." Mimi nilimsikia akisema hivyo. Ni kweli walikuwa wanapanda. Niliwaona, binti yangu kwenye kiti cha magurudumu, ndege nyeupe yenye pangaboi mbili.

Halafu wakashushwa.

Wingu. Mwenzangu mmoja aliyezoea alinieleza kwamba ziwani kumefunga, rubani anasubiri. Sikuona ajabu. Bukoba mvua inakuja bila kubisha hodi. Niliwaona wakirudi ndani, nikakaa. Mvua ikapiga, ikaacha, ikapiga. Binti yangu alilazwa kwenye viti humo ndani, mkwe alikuja mara moja kuniambia amesinzia. Ndege iliondoka alasiri, jua likiwa limeshaanza kurudi. Nilisimama mpaka ikawa kama nzi juu ya maji, nikapanda gari kurudi. Daraja la Kyaka tulilivuka giza likianza, nikalisalimu maji ya Kagera kama ninavyofanya siku zote, maana maji hayo yamewaona wengi wakienda.

Niliposhuka nyumbani, mwezi ulikuwa umetoka, na ua ulikuwa unang'aa.

Sijui kama mnajua ua uliofagiwa vizuri unavyokuwa kwenye mwezi. Unakuwa na mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa. Toka mlangoni hadi barabarani, mistari mitupu. Hakuna ndala, hakuna kisigino.

Wifi yangu akatoka amefurahi. "Karibu, wifi. Akina mama walikuja, wamesali sana. Mtoto amefika salama?"

"Umefagia saa ngapi?"

"Nilisubiri," akasema. "Mkwe aliponiambia wanapanda, niliinjika maharage. Nikayaacha yakaiva kabisa, nikayaepua, ndipo nikashika ufagio. Nilizidisha, wifi. Zile dakika zao nilizizidisha."

"Ndege imeondoka alasiri."

Hakuniuliza mara ya pili. Nilimwona anaangalia chini, anatafuta. Akapiga magoti, akaanza kupapasa ile mistari kwa viganja, kama mtu aliyeangusha sindano. Nikamwambia inuka, wifi, inuka basi. Akainuka. Usiku ule aliacha mlango wake wazi, na mimi wangu pia, tukawa tunatazamana gizani kila mtu kwake.

Simu ilikuja kwamba wamefika. Mgonjwa amepokelewa, amelazwa. Tukashukuru. Siku ya tatu ikaja simu nyingine.

Daktari wa huko alimwambia mkwe kwamba ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali, hata angefika mwezi mmoja kabla. Naamini. Mimi si mtu wa kusema ufagio unaua. Lakini kuamini jambo na kulala usingizi ni vitu viwili. Mwili wake uliletwa kwa barabara, Geita na Biharamulo, usiku na mchana, akazikwa kibanjani karibu na baba yake. Watu walilala kwenye nyasi uani kama desturi. Walipoondoka, nyasi zikaondolewa, na hapo ndipo ufagio ulipoanza.

Niseme jambo lilivyo. Siku moja niko migombani napogoa, asubuhi imeshapanda, nikasikia uani mtu anafagia. Nikadhani ni wifi. Nikasema moyoni afadhali, maana tangu msiba alikuwa hagusi ufagio, mimi ndiye nilikuwa nafagia. Nikafika. Hapana mtu. Ua una takataka zake zote, jani juu ya jani. Wifi yangu amesimama mlangoni kwake, mikono kifuani, midomo imekauka.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu."

Nikajibu na mimi, "Haya."

Ilikuja tena. Si kila siku. Ilikuwa inakuja wakati ule ule wa asubuhi ambapo ndege ile ilipaswa kuwa juu ya ziwa na haikuwa. Nikiwa ndani, naisikia nje. Nikitoka, imenyamaza. Sikumwambia mtu. Kwa mwinjilisti ningekwenda kusema nini?

Wifi yangu aliisha. Aliyekuwa anaongea mpaka wapita njia wanasimama, akawa anaongea na mbuzi tu. Watu nao hawakumsaidia. Kijijini hakuna siri, maharage yale yalijulikana. Siku moja kwenye kuanika kahawa, mwanamke mmoja jirani, mimba ya binti yake iko karibu na anataka kumpeleka Nyakahanga, akasema kwa sauti, "Tukiondoka, mwenye ufagio wake akae nao mbali." Wengine wakacheka chini chini. Nilimwambia yule mwanamke maneno ambayo sitayaandika. Lakini wifi alikuwa ameshaweka ungo chini na kuondoka. Na mara moja tulikwenda wote gulioni Omurushaka, kijana anauza fagio za vijiti, akamfuata: "Bibi, chukua huu, unafagia wenyewe!" Ndivyo wanavyouza, ni mzaha wa biashara. Wifi yangu alikimbia. Mwanamke mzee, aliacha sukari yake kwenye meza ya watu akakimbia kati ya pikipiki, nikamkuta amejibanza nyuma ya maghala ya kahawa.

Hakuwahi kuniuliza kama namlaumu. Alikuwa anauliza kitu kimoja tu, kila mara, katikati ya maongezi mengine kabisa. "Wifi, unadhani mtoto alifika?"

"Alifika, walipiga simu."

"Mwili ulifika. Mimi naulizia yeye."

Nilikuwa na jibu la Mwanza, la hospitali, la mkwe. Lakini yeye alikuwa anaulizia mtu aliyepandishwa juu bila nyayo. Kama hakufika kule, na huku nyayo zake zimefagiwa, basi yuko wapi? Usiku nikisikia ndege za Rwanda zinapita, na mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo, nikijifunika shuka mpaka kichwani kama mtoto.

Miaka ikaenda. Mjukuu wangu wa Mwanza akakua, akafikia kipaimara. Mwaka jana, msimu wa senene, mkwe akapiga simu kwamba mtoto anataka bibi yake awepo kanisani, na tiketi ameshalipa. Ya ndege. Nikamwambia, "Baba, mimi nina miguu ya basi." Akasema, kwa ile sauti yake ya kuangalia pembeni hata kwenye simu, "Mama, basi litakuumiza. Ndege ni dakika arobaini na tano tu."

Wifi yangu alikuwa amekaa karibu, ameisikia. Sote wawili tukatazama chini.

"Sitakwenda," nikasema simu ilipokatika.

"Utakwenda," akasema. "Mtoto anasimama mbele ya madhabahu bila mama. Akose na bibi?"

"Na ua?"

Kuku akapita, akanya pale mbele yetu.

"Nitakaa nao," akasema. "Hata kuku wakinya mpaka mlangoni. Hata aje askofu. Nitakaa hapa kizingitini mpaka wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, uniambie umefika. Sitaki maneno ya mkwe. Sitaki ya simu ya dakika. Wewe."

Nilimtazama akisema hivyo, nikajua kwamba siendi kwenye kipaimara tu. Nikishindwa kufika, huyu mtu hatabaki.

Kwa hiyo nilikwenda, nimebeba senene waliokaangwa kwenye kopo, na mkungu mdogo wa ndizi ambao uwanjani waliniambia uende kwenye mizigo. Walinivua mkanda wa kitenge, wakafungua kopo la senene, yule binti mkaguzi akanusa akacheka. "Bibi, huyu mmoja tu nikuombe?" Nikampa kiganja kizima. Mtu wa kwetu unamjua.

Siku hiyo hapakuwa na wingu. Tulipanda, hatukushushwa. Pangaboi zikazunguka mpaka hazionekani, ardhi ikatuacha. Nilitafuta nyumba, barabara, mtu wa kumwonyesha njia. Chini maji, na visiwa kama vinyesi vya mbuzi. Nilizoea kwamba safari ina majina, unavuka Kyaka unasema Kyaka, unafika Kayanga unasema Kayanga, na ukisema jina unajua uko wapi. Nikamshika mkono yule msichana anayegawa maji.

"Mwanangu, tumefika wapi?"

"Tuko angani, bibi."

"Angani wapi?"

Akacheka vizuri, si kwa dharau. "Bibi jamani! Angani hakuna wapi."

Akaenda zake. Mimi nikabaki na neno hilo. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, mkanda wake umefungwa bila mtu. Sikukiangalia tena. Nilishika kopo la senene mapajani, nikawa nasema kwa sauti ya chini majina ya njia ya nyumbani, kutoka Kyaka mpaka mparachichi wetu, nikifika mwisho naanza tena. Kama kuna mtu aliyekuwa anahitaji kuyasikia humo ndani, aliyasikia.

Tulishuka. Gurudumu lilipogonga chini nilisema, "Nimekanyaga." Kweli ilikuwa muda mfupi, simu haikudanganya.

Mkwe na mjukuu walikuwa nje wananisubiri. Mtoto ana miguu ya mama yake, vidole vilivyotawanyika. "Shikamoo bibi," akapokea kopo, akalitikisa kusikia ni nini. Nikamwambia mkwe kabla hata ya kuondoka pale, nipigie nyumbani. Akapiga, akanipa simu kwa mikono miwili.

Iliita mara moja tu.

"Wifi?"

"Nimefika."

"Miguu iko chini?"

"Iko chini. Nimesimama kwenye vumbi la Mwanza. Mjukuu wako huyu hapa."

Nilisikia kitu kingine. Nyuma ya pumzi zake, mbali kidogo, fyaa, fyaa.

"Wifi," nikasema, "umeshaanza kufagia?"

"Sijashika kitu. Nimekaa kizingitini, mkono mmoja una simu na mwingine umeshika goti."

"Nani anafagia hapo?"

Akavuta pumzi kama mtu aliyechomwa. "Unasikia? Na wewe unasikia?"

"Nasikia tangu nyasi za msiba zilipoondolewa."

Alilia. Mtu mzee akilia kwenye simu inakuwa kama simu yenyewe inavuja. Akasema alidhani ni yeye peke yake, kila ukija anafumba macho, alidhani ufagio unamfuata yeye, unamwambia, tazama ulichofanya, tazama ulichofanya. Mkwe aliniona nimebadilika, akaomba simu, akasikiliza. "Mama, mimi sisikii. Ni mtandao unakwaruza." Akanirudishia. Ile sauti ilikuwa bado ipo.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza miaka yote, lakini kila nilipotoka nje ufagio ulikuwa umenyamaza, na wifi yangu kila uliposikika alifumba macho.

"Wifi, usifumbe macho. Sikiliza vizuri. Ufagio unaanzia wapi?"

Fyaa. Fyaa.

"Kule," akasema polepole. "Kule chini, barabarani."

"Unakwenda wapi?"

"Unakuja." Sauti yake ikawa ndogo. "Wifi, unakuja mlangoni. Unaturudishia takataka ndani."

Mjukuu wangu alikuwa ananivuta khanga, anataka twende. Watu wanapita na mabegi yao. Nikakaa chini palepale, kwenye ukingo wa njia.

"Binti akifika kwa mama yake anafanya nini?" nikamuuliza.

Nilimsikia akiinuka kwa kuguna, halafu simu ikawekwa chini, juu ya kitu kigumu, bila kukatwa. Nikasikia nyayo zake nzito zikiingia ndani, chungu cha maji kikisogezwa, nyayo zikirudi. Akakohoa. Nikamsikia akisema, kwa ile sauti yake ya zamani ambayo wapita njia walikuwa wanasimama kwa ajili yake, "We mtoto, nani kakufundisha kufagia hivyo?"

Kisha nikasikia ufagio wa pili ukianza, kutoka mlangoni kwenda barabarani.